Wabwile wa Silikoni na Picha ya Mzee Matthew

Kitale kuna mafundi wa vioo wengi, lakini mwenye cheti ni mmoja. Hilo nililijua siku ya kwanza nilipoketi kwenye benchi lake kupumzisha miguu, maana aliniambia kabla hajaniuliza jina. Cheti chenyewe kilining'inia ukutani ndani ya fremu, nyuma ya kioo alichokikata kwa mkono wake. Kilisema kwamba Hillary Wabwile amehudhuria semina ya siku mbili juu ya silikoni na matumizi yake. Siku mbili, na chakula cha mchana juu yake. Sahihi ya chini iliandikwa mbio mbio na mtu ambaye, ukiniuliza mimi, gari lake lilikuwa limeshawashwa.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa hivyo mtu mwenye cheti huwa namsikiliza. Wabwile naye alipenda kusikilizwa kuliko alivyopenda kula. Tukafaana. Kila nilipopita Kitale nikienda kwa binti yangu Moi's Bridge, au nikirudi kwa ndugu zangu upande wa Bungoma, nilikaa hapo saa moja au mbili nikafundishwa.

Hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa karibu na Kimilili, akaja Kitale akiwa kijana, akaanza kwa kubeba vioo mgongoni kutoka kwenye lori hadi dukani kwa fundi mmoja mzee. Alivunja vichache. Akajifunza kukata, na mzee alipofariki akabaki na meza, rula na ile kalamu yenye almasi puani. Miaka kumi na mitano alifunga madirisha kwa puti, ile inayokauka, ikapasuka, ikadondoka vipande vipande kwenye makochi ya watu. Hakuna aliyejua jina lake. Halafu silikoni ikaja, na Wabwile akaokoka. Jumapili aliendelea kwenda kanisani, lakini watu wakifumba macho kuomba, yeye utamwona anabonyeza ukingo wa dirisha kwa kidole gumba aone kama umeshika.

"Mzee," aliniambia siku hiyo ya kwanza, "wewe unajua mchanga?"

"Naujua. Nimeutembea sana."

"Basi silikoni ni mchanga uliosoma."

Kutoka duka la pili, la vifaa vya ujenzi, sauti ya mwanamke ikapaa: "Umesoma kuliko wewe!"

Huyo alikuwa Waruguru. Ndiye aliyekuwa akimwuzia Wabwile zile tyubu za silikoni, na alikuwa na tabia moja mbaya sana kwa mtu wa biashara: alisoma maandishi yaliyo nyuma ya kila kitu alichouza.

Wabwile alimpa kisogo. Alinisogelea. "Ukiyeyusha mchanga unapata kioo. Kioo ni kigumu, kina kiburi, ukikigusa vibaya kinakukata. Sasa hawa watu wa kemia wakatoa ndani ya mchanga ile chembe yenyewe ya silikoni, wakaipanga mstari na oksijeni. Silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni, vile wewe unapanda mahindi na maharagwe kwa zamu. Mnyororo mrefu, haujulikani mwisho. Halafu ubavuni wakaning'iniza vinywele vya kaboni. Hivyo vinywele ndivyo vinakataa maji. Mnyororo wenyewe unapinda, hauogopi jua, na mwanga unapita ndani yake safi. Ni kama kioo, bana, lakini kioo kinachojua adabu. Hiyo inaitwa polima. Ukija hapa usiseme gundi. Gundi ni ya daftari."

Nikasema sitasema tena gundi. Mpaka leo nikisema najisikia vibaya.

Mambo aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililokuwa la hatari kwa Wabwile: alijua vitu vya kweli, akaishia katikati. Chukua ile habari ya loji. Kulikuwa na loji moja mjini, jina naliacha, ambayo dirisha la bafu lilikuwa linavuja mvua. Kioo chake kilikuwa kile cha ukungu, kilichokwaruzwa upande mmoja ili anayeoga asionekane. Wabwile akaziba kingo vizuri. Halafu kwa kuwa ilibaki silikoni kwenye tyubu, na kwa kuwa alikuwa mkarimu, akaipaka kioo chote upande ule wenye mikwaruzo, akailainisha kwa kisu cha bapa, ili maji yasipate hata pa kushika. Akaondoka akipiga mluzi.

Sasa, kioo cha ukungu kinaficha kwa sababu ya ile mikwaruzo. Mwanga ukifika pale unatawanyika kila upande kama kuku walioona mwewe. Ukiijaza mikwaruzo kwa kitu kinachopindisha mwanga karibu sawa na kioo, mwanga hauoni tena sababu ya kutawanyika. Unapita tu. Asubuhi yake mwalimu mkuu mmoja aliyekuja mkutanoni aliingia kuoga, akajipaka sabuni kichwa hadi miguu, na alipofungua macho akakutana uso kwa uso na soko lote la mboga. Akina mama walimsalimia. Mmoja alimuuliza shule zinafunguliwa lini.

Mtu mwingine angejificha wiki mbili. Wabwile alisimama mlangoni pake akieleza wapita njia kwamba hiyo ndiyo nguvu ya silikoni katika mambo ya mwanga, na kwamba mwalimu mkuu amehudhuria maonyesho ya sayansi bila kiingilio.

Basi huyo ndiye mtu ambaye Tonny wa Myanga alimletea uso wa baba yake.

Tonny alifanya kazi ofisi fulani ya serikali Bungoma. Ofisi gani, sikuwahi kuelewa, na ukimuuliza alikuonyesha kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni, ambacho hakukivua hata Jumamosi. Baba yake, Mzee Matthew, nilimfahamu tangu tukiwa vijana. Alikuwa mtu mpole, mkulima, na jambo moja alilolichukia duniani ni kupigwa picha. Ukitoa kamera alikupa kisogo. Ana wajukuu kumi na wanne wenye simu, na ndani ya simu hizo zote kuna picha za kofia yake, mkono wake, na mgongo wake ukiingia kwenye migomba. Kitambulisho chake cha taifa kilirudishwa serikalini alipoandikiwa cheti cha kifo. Ilibaki picha moja tu ya uso, ya rangi, aliyopigwa studio Kitale zamani akiwa na koti la kuazima, kwa sababu mke wake Nakhungu alimwambia asipoingia hapo ndani yeye harudi nyumbani.

Picha hiyo ilikaa ukutani kwa Nakhungu juu ya meza. Mzee alipofariki, ikawa ndiyo mwenzake wa mazungumzo. Asubuhi kabla ya chai aliisalimia, akaiambia ng'ombe amelalaje, nani kaoa, nani kalazwa. Nilipopita kwake nilikaa nikingoja amalize, kama mtu anayengoja simu ya mwenzake iishe.

Mwaka wa pili wa kifo ukafika, na Tonny akaamua kufanya ibada ya ukumbusho ya kiwango. Neno lake hilo, kiwango. Kaburi likapigwa vigae vyeusi vinavyong'aa, likawekewa nguzo nne na paa dogo. Mzee Matthew alilala miaka hamsini chini ya mabati yanayovuja, akihamisha kitanda kulingana na upande wa mvua. Sasa alikuwa amejengewa paa lisilovuja, mahali ambapo hakuwa na haja nalo. Kilichobaki ni jiwe la kichwani, na Tonny alitaka uso wa baba uwe ndani ya jiwe hilo, kwenye kioo, uonekane kutoka barabarani.

Nilikuwa kwenye benchi siku walipoingia. Nakhungu alikuwa ameikumbatia picha ndani ya leso, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Mayi, mpe fundi," Tonny alimwambia mama yake.

"Nimpe nini? Mara ya kwanza tulimzika mwenyewe. Sasa mnataka kuzika hata picha."

"Si kuzika, Mayi. Ni kuweka juu. Watu wamwone."

"Watu walimwona akiwa hai, hawakumsalimia. Mimi asubuhi nitaongea na nani?"

Tonny akamtazama Wabwile, yale macho ya kusema nisaidie. Na Wabwile, ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kufundisha akaikataa, akavuta kiti.

"Mama, keti. Itazame hiyo picha kwenye fremu yake. Unamwona nani?"

Nakhungu akafunua leso. "Namwona yeye."

"Tazama vizuri."

"Basi naona dirisha. Na mimi mwenyewe, na kitambaa changu cha kichwa. Yeye yuko nyuma."

"Eeh! Hiyo ni kazi ya hewa, Mama. Kati ya kioo na picha kuna hewa imekaa. Mwanga ukitoka kwenye kioo ukaingia hewani unajikwaa, na kila ukijikwaa kidogo kinarudi machoni kwako. Ukifika kwenye picha unajikwaa tena. Miaka yote hiyo umekuwa ukiongea na mzee huku mwanga umesimama katikati yenu kama jirani mdaku."

Akachukua picha kuukuu ya kalenda, akaifunika kwa kipande cha kioo. Ikaonekana nyeupe-nyeupe, imefifia. Akaiinua, akamimina silikoni safi, akarudisha kioo taratibu akisukuma mapovu nje. Nawaambia ukweli, sisi wote tuliinama. Rangi ziliingia ndani kama zimemwagiwa maji. Majani yakawa meusi kwa ubichi, ng'ombe wa kwenye kalenda akawa na jicho. Ung'aavu ulibaki kidogo juu, lakini ule weupe wa katikati ulikuwa umekwenda.

Nakhungu akainama karibu zaidi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nitamwona hivi?"

"Kama amekaa mbele yako."

"Na nikitaka kumtoa?"

Wabwile akacheka. "Kumtoa? Mama, hii ikikauka imekauka. Kiama kitamkuta humo humo."

Niliona mkono wa mama ukirudi kwenye leso. Tonny aliuona pia, akaichukua picha haraka, akaiweka juu ya meza ya fundi.

"Umeshapiga kopi nzuri?" Nakhungu alimuuliza.

"Ndiyo, Mayi."

Kopi aliyokuwa nayo nilikuja kuiona baadaye. Mjukuu alikuwa ameipiga kwa simu usiku mmoja bila kuitoa kwenye fremu, na taa ya simu ikakaa juu ya pua ya mzee kama yai lililovunjika.

Walipoondoka, Waruguru akaja na tyubu tatu mkononi, miwani puani.

"Wabwile, hii ni ile ya kunuka siki. Imeandikwa hapa inakauka kwa unyevu wa hewa, ukingo kwanza, milimita mbili au tatu kwa siku. Ukiifungia katikati ya vioo viwili, hewa itapitia wapi?"

"Waruguru, wewe uza."

"Nauliza tu."

"Hapa Kitale mvua inanyesha kila siku. Unyevu umejaa."

"Umejaa nje! Iko ile nyingine ya chupa mbili. Unachanganya, inakaushana yenyewe, haiombi hewa. Naweza kukuagizia."

"Hiyo hainuki," Wabwile alisema, kama mtu aliyeshinda kesi. "Hii ikitoa siki ujue kemia inafanya kazi. Unyevu unakata vichwa vya mnyororo, siki inatoka, minyororo inashikana. Sasa kitu hakinuki, utajuaje kama kiko kazini? Ni kama mfanyakazi hatoki jasho."

Waruguru alinitazama mimi. Mimi nikatazama cheti.

Akaifanya. Ili imiminike bila mapovu akaizimua kwa tapentaini mpaka ikatiririka kama asali ya jua. Akailaza picha katikati, kioo mbele, kioo nyuma. Duka likanuka kama kibanda cha chipsi. Baada ya siku nne akabonyeza ukingo kwa kidole gumba, ukamrudishia kidole kama raba. "Imeshika," akasema, na kwa ukingo ilikuwa kweli. Akaipeleka Myanga, akaisimamisha ndani ya jiwe la kaburi, akaizungushia saruji.

Hapo bado pengine ingepata wiki chache za kupumua. Lakini Tonny alikuwa mtu wa ofisi. Ofisini kwao hakuna kitu kinachoonekana kabla hakijafunuliwa. Choo cha shule kinafunikwa kwa pazia, mgeni wa heshima anakuja, anakata utepe, watu wanapiga makofi, ndipo mtoto anaruhusiwa kwenda haja. Baba yake hangeonekana kienyeji. Akaamuru jiwe lifungwe kwa karatasi ya nailoni mara mbili, juu yake kitambaa cha satini cha zambarau, na utepe mwekundu. Likakaa hivyo wiki tatu kwenye joto la Myanga, halipitishi hata pumzi ya inzi.

Nilipita kwa Nakhungu wiki hizo. Ukutani kulikuwa na msumari, na chini yake mraba msafi ambao moshi haukuufikia.

"Leo nimesalimia msumari," aliniambia. Alijaribu kucheka. "Haujajibu vibaya. Lakini si yeye."

Nikamwuliza kama ameenda kumtazama kaburini.

"Nikatazame kitambaa? Tonny amesema nisiguse. Mgeni wa heshima ndiye ataanza kumwona. Mume wangu, aonwe kwanza na mtu hajawahi hata kunywa chai yetu."

Siku ikafika. Hema mbili, viti vya plastiki, spika kubwa kama kabati. Mgeni wa heshima, bosi wa Tonny, alichelewa inavyofaa. Wabwile alikuja na koti, na kwapani alikuwa amebeba fremu. Nilidhani ni zawadi. Ilikuwa cheti.

Karibu saa sita, jua likiwa limesimama juu ya vile vigae vyeusi mpaka huwezi kuvigusa, mgeni akakata utepe. Satini ikaanguka, nailoni ikavutwa, na harufu ikatoka ikaenea hema zima. Nyuma yangu mtu akauliza kama kachumbari tayari imeletwa.

Lakini uso. Nitampa Wabwile haki yake. Mzee Matthew alikuwa pale, na koti lake la kuazima, macho meusi yenye maji, ile aibu ya mtu aliyeingizwa studio kwa nguvu. Hakuna weupe, hakuna dirisha katikati. Hata watoto walinyamaza. Nakhungu alishika mdomo kwa leso. Wabwile akajikohoza, akainua cheti mpaka usawa wa kifua.

Tonny akachukua kipaza sauti.

"Baba yangu alikuwa rafiki yangu," alianza. "Hakuna wiki iliyopita bila mimi kumtembelea."

Nikaona kidevu cha mzee kimeshuka. Nikafikiri ni macho yangu, yana umri.

"Alipougua, mimi ndiye niliyekaa naye usiku na mchana."

Sasa hayakuwa macho yangu. Picha ilikuwa inateremka ndani ya kioo, polepole, kama mtu anayezama kwenye kiti. Jua lilikuwa limepasha lile jiwe, na ndani ya ukingo wake wa raba silikoni ilikuwa bado uji. Mwanamke mmoja mbele akamgusa mwenzake.

"Roselyne. Roselyne! Mzee anainama."

"Wacha."

"Mtazame! Anaona aibu."

Tonny alikuwa amelipa kisogo kaburi, hakuona. Aliona tu kwamba watu wamekaza macho, akadhani hotuba imewaingia. Akapandisha sauti. "Na ile nyumba yake, ndugu zangu, nilikuwa tayari nimenunua mabati mapya—"

Picha ikakwama upande mmoja, ikageuka. Taratibu kabisa, mbele ya simu hamsini zilizokuwa zimeinuliwa kuipiga, Mzee Matthew akaanza kuzigeuzia uso pembeni, kama alivyofanya maisha yake yote akiona kamera.

"Anakataa!" bibi mmoja akalia. "Hayo mabati anayakataa!"

"Mabati gani? Sema iko wapi hayo mabati!"

"Tonny, geuka nyuma uongee na mwenyewe!"

Mgeni wa heshima alisogea hatua mbili, akawa ghafla na simu muhimu. Mchungaji akaanzisha wimbo, ukaimbwa na mtu mmoja, yeye. Wabwile alikuwa ameshafika kwenye jiwe, kiganja kwenye kioo akijaribu kumzuia mzee asiendelee, na mapovu yakapanda ndani kama soda.

"Ni unyevu!" alikuwa anaeleza umati, uso umelowa jasho. "Watu tulieni! Ni unyevu haujafika katikati! Minyororo haijashikana!"

"Mwambie mzee, si sisi!" mtu akamjibu, na kicheko kikavunja hema.

Nakhungu hakucheka. Aliinuka, akapita katikati ya viti, na watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. Akasimama mbele ya fundi.

"Fundi. Imekauka?"

Wabwile akatazama cheti chake, kilichokuwa kimelala chali kwenye majani. "Ukingo umekauka, Mama."

"Sikuulizi ukingo."

"Katikati bado."

"Itakauka?"

Ninajua ilimgharimu. Watu wote wale, na wengi wao wana madirisha. "Ilivyofungwa hivi," akasema, "labda baada ya miaka. Labda isikauke."

"Kwa hivyo anaweza kutoka."

Tonny akaja mbio. "Mayi, tafadhali, wageni wako hapa. Tutarekebisha kesho. Italetwa ile ya chupa mbili, nimesikia iko—"

"Wageni wako hapa," Nakhungu alisema. "Na mimi ni nani? Mtoe, fundi. Sasa hivi, kabla hajajifunza kukauka."

Wabwile akatoa wembe mfukoni. Kukata ule ukingo mbele ya watu ilikuwa kama kujivua koti, na hakuwa na haraka ya kuanza. Lakini akapiga magoti, akazungusha wembe juu, kando, chini, raba ikatoka kama kamba ndefu nyeupe. Kioo cha mbele kikaachia kwa mlio wa busu. Picha ilikuwa hapo, inaelea, inadondosha. Aliishika kwa vidole viwili na kumpa mwenyewe, na nadhani ndiyo kazi safi kuliko zote aliyofanya mwaka huo. Nakhungu akaipokea kwa leso. Akaifuta paji la uso kwanza, kisha mashavu, kisha macho, hapo hapo mbele ya wote. Kona moja ya koti ilikuwa imefifia kwa sababu ya siki. Uso haukuguswa. Akageuka akaenda nayo nyumbani, hakungoja hata baraka.

Chakula kililiwa. Kachumbari ilikuwepo kweli.

Tonny hakuacha jiwe wazi. Ukipita Myanga leo utaona ndani ya kioo ile kopi ya simu, yenye mwanga juu ya pua. Kutoka barabarani anaonekana kama mtu aliyemulikwa na polisi.

Wabwile yuko Kitale bado. Cheti kimerudi ukutani, kioo chake kina ufa mdogo. Mwezi uliopita nilimsikia akimweleza mteja kwamba kuna kazi nyingine fundi mwenye ujuzi huiacha wazi katikati makusudi, kwa heshima ya familia. Waruguru alikuwa anapanga mikebe ya rangi. Alingoja mteja aondoke.

"Mzee," akaniambia, "hiyo semina yao, mimi nilikuwepo. Walialika wauzaji pia. Siku ya pili mchana ndipo wakafundisha ile ya chupa mbili. Huyu alikula pilau, akachukua cheti, akaenda zake. Kiti chake kilikuwa karibu na changu. Kitupu."

Wabwile alikuwa anapima kioo. Masikio yake yalisikia, maana rula ilisimama. Hakusema kitu, na hiyo kwake ni ajabu kubwa.

Juzi nikafika kwa Nakhungu. Picha imerudi kwenye msumari wake, bila fremu na bila kioo. Amekataa vyote viwili. Ile silikoni iliyobaki juu yake imekauka sasa, nyembamba kama utando wa maziwa, kwa kuwa imeachiwa hewa yote ya nyumba. Macho ya mzee ni meusi na yana maji. Harufu ya siki bado iko kidogo ukisogea karibu. Nilingoja amalize kumwambia habari za ndama, kisha nikamweleza aliyoyasema Waruguru: semina, pilau, kiti kitupu.

Aliweka kikombe chini kwa sababu kilianza kumwagika. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ile ile leso.

"Ukipita Kitale," akasema, "mwambie huyo fundi namsalimia sana. Na umwambie asirudi kumalizia."